Wino mweusi juu ya karatasi ya umma: Gharama alipe nani?



Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuliweke kando somo letu la mirathi ili nijibu swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja hapa Bahi, msikitini baada ya darsa na hata gulioni. Mwananchi ameandika barua kuomba nakala ya ripoti ya fedha za mradi uliojengwa kwa kodi yake na kwa nguvu zake. Akajibiwa kwamba ripoti ipo, ila ndani yake mna mambo ya siri. Itabidi ofisa akae nayo, aipitie ukurasa kwa ukurasa, ayazibe kwa wino mweusi yale yasiyotakiwa kuonekana, kisha ndipo nakala itolewe. Na kazi hiyo, akaambiwa, ina gharama zake, na gharama ni juu ya mwombaji. Sasa anauliza: Je, hii ni haki? Na dini inasemaje juu ya mtu kutozwa fedha ili afichwe kitu?

Ofisi iliyompa jibu hilo sitaitaja, maana leo lengo langu ni somo. Aidha, jibu kama hilo linaweza kutolewa na ofisi yoyote, iwe ya kijiji, ya wilaya, ya shirika, au ya msikiti. Ndiyo, hata ya msikiti. Huko nako tutafika.

Swali hili ndani yake lina maswali mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kama kuficha kwenyewe kunaruhusiwa. La pili ni nani aubebe mzigo wa kuficha. Mtu akiyachanganya hujikuta anasema mambo mawili ya hatari: ama kwamba kila karatasi ya serikali iwekwe hadharani yote kama ilivyo, ama kwamba kwa kuwa siri ipo, basi ofisi ina haki ya kutoza chochote. Yote mawili si sahihi.

Tuanze na kuficha. Katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya mtu wa kabila la Aslam aitwaye Hazzal. Huyu ndiye aliyemsukuma Maiz, aliyekuwa amefanya kosa la zinaa, aende kwa Mtume (s.a.w.) akajieleze. Mtume (s.a.w.) alimwambia Hazzal kwamba lau angemsitiri mtu yule kwa nguo yake, ingekuwa bora zaidi kwake. Hapa nguo inafunika aibu ya mtu, jambo lililo baina yake na Mola wake, na kufunika huko kumesifiwa. Na wasomaji wanajua jinsi Suratul Hujurat ilivyokataza kupelelezana na kusengenyana, na Suratun Nur ilivyokataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini. Maisha ya mtu ni haramu yake.

Sasa tazama upande wa pili. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi asiiweke hiyo mbichi juu ili watu waione, kisha akatoa lile onyo lake kali juu ya wadanganyifu. Sisi watu wa mpunga tunaielewa hadithi hii bila kufasiriwa. Gunia lililojazwa punje kavu juu na mbichi chini, kila mnunuzi wa Bahi amewahi kukutana nalo.

Hazzal alitakiwa afunike, na mwenye nafaka akalaumiwa kwa kufunika. Tofauti iko wapi? Tofauti ni katika mwenye haki na kile kinachofunikwa. Aibu ya Maiz haikuwa mali ya watu wa Madina. Lakini hali ya nafaka ilikuwa haki ya mnunuzi, kwa kuwa fedha inayotoka ni yake. Huo ndio mzani wetu, ndugu msomaji, na ukiushika vizuri utaweza kuchukua ripoti yoyote ya umma ukajua mwenyewe mstari upi unastahili wino mweusi na upi haustahili.

Sheria za nchi yetu nazo, ukizisoma kwa utulivu, zinajaribu kusimamia mzani huo huo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano katika ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Ibara hizi mbili zimewekwa karibu karibu, kama majirani wanaotakiwa kuelewana.

Kisha ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara. Sheria hii inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka za umma, na hata mikononi mwa baadhi ya taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa zenye maslahi kwa umma. Inaagiza kila mamlaka iwe na ofisa wa taarifa. Inaweka muda wa kujibu usiozidi siku 30. Na inayo orodha ya taarifa zinazoweza kuzuiwa: za ulinzi na usalama wa taifa na uhusiano wa kimataifa, zinazoweza kuhatarisha maisha ya mtu, zinazoharibu uchunguzi halali unaoendelea, zinazoingilia faragha ya mtu bila sababu, zinazovunja maslahi halali ya kibiashara, na nyinginezo. Baadaye, mwaka 2022, ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ikaongeza uzito upande wa faragha.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye lile neno faragha. Sheria ya 2016 inapolinda faragha inamtoa ofisa wa umma anayetekeleza kazi ya umma. Maana yake, ugonjwa wa mhasibu ni siri yake. Posho aliyosaini mhasibu kutoka kwenye fungu la mradi si siri yake. Namba ya simu ya mkulima aliyepewa mbolea ya ruzuku inazibwa. Idadi ya mifuko iliyotolewa, bei yake, na jina la kampuni iliyoileta, hivyo haviwezi kuitwa faragha ya mtu yeyote.

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Wilaya yetu ya Bahi ilizaliwa mwaka 2007 ikitoka Dodoma Vijijini. Ni nchi kame, mvua yake ni ya kubahatisha, lakini tumejaaliwa mbuga na maji yanayotuama, tukalima mpunga na kuvua samaki pale ambapo mgeni apitaye kwa treni ya reli ya kati asingedhani. Kwa hiyo karatasi zinazotugusa sisi si za mambo makubwa ya dola. Ni za maji: nani kapewa kiploti gani kwenye skimu, ada ya maji imekusanywa kiasi gani, mkandarasi wa banio kalipwa ngapi na kwa kazi ipi. Ni za ardhi: mipaka ya kijiji, mihtasari ya mikutano. Na miaka ya 2000 tuliona zikija karatasi za aina nyingine kabisa, pale makampuni ya nje yalipopata leseni za kutafuta madini ya urani katika Bahi na Manyoni.

Suala la urani ni mfano mzuri kwa somo letu. Kampuni inayotafiti ina siri halali. Ramani yake ya mahali ilipochoronga, na kipimo cha madini katika kila shimo, ni jasho lake na fedha yake. Mshindani akiipata bure ni dhulma. Hiyo sheria inailinda na mimi sina ugomvi nayo. Lakini kipimo cha maji ya kisima kilicho jirani na shimo hilo? Taarifa kama mashimo yamezibwa sawasawa baada ya utafiti ili ng'ombe na watoto wasidhurike? Hayo hayamfaidii mshindani kwa lolote. Hayo yanamhusu mama anayechota maji. Ukiona ukurasa wa maji umepakwa wino mweusi kwa jina la siri ya biashara, ujue nafaka mbichi imewekwa chini ya gunia.

Na nchi hii imeshaonja matunda ya kuficha kulikopita kiasi. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London, ulizua mtafaruku bungeni hadi Mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa, na baadaye mwaka huo huo ikaundwa kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia sekta yote ya madini. Mwaka 2014 hata kamati ya Bunge ya hesabu za serikali ilivutana na shirika la mafuta la taifa kwa sababu ya kunyimwa mikataba ya gesi. Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 ilikuja baada ya mivutano ya namna hiyo. Na kwa upande wetu Waislamu, nani asiyeikumbuka ile Hati ya Makubaliano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya? Wengi wetu tuliijadili miaka na miaka bila ya kuiona karatasi yenyewe. Karatasi isiyoonekana kila mtu huijaza maneno yake mwenyewe. Anayeitetea huitetea kwa asiyoyasoma, na anayeipinga huipinga kwa aliyosimuliwa. Kama kuna kitu kinachojenga chuki baina ya raia wa nchi moja ni hicho.

Basi tumekubaliana kwamba kuziba sehemu ya karatasi kunaweza kuwa halali. Tena nasema kuziba ni rehema, maana ofisi isiyokubali kuziba hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kulizuia jalada zima kwa sababu ya mstari mmoja. Ni afadhali nipewe kurasa 40 zenye mistari sita myeusi kuliko kunyimwa zote.

Tuje kwenye gharama.

Chukua mfano wa kubuni, hesabu yake nyepesi. Ripoti ina kurasa 40. Fotokopi tuseme ni shilingi 100 kwa ukurasa, jumla shilingi 4,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelalamikia hiyo; karatasi na wino wa mashine havidondoki kutoka mbinguni. Kisha ofisi inasema ofisa wake atatumia saa sita kupitia na kuziba, na kila saa ni shilingi 10,000. Nakala ya shilingi 4,000 imekuwa ya shilingi 64,000. Mkulima wa Bahi atauza mpunga kiasi gani kuipata fedha hiyo, ili aje asome habari za mfereji wake mwenyewe?

Lakini wingi wa fedha ndio ubaya mdogo. Ubaya mkubwa ni huu: anayeamua mistari mingapi izibwe ndiye huyo huyo anayelipwa kwa kuziba. Akiziba saa moja anapata 10,000. Akiziba saa sita anapata 60,000. Na ikiwa ndani ya ripoti mna jambo linalomwaibisha yeye au mkubwa wake, basi ana sababu mbili za kuongeza wino: anaficha na analipwa. Na kama mwombaji atashindwa kulipa, ni bora zaidi kwake, kwani haitatoka hata karatasi moja, na hakuna atakayeweza kusema amenyimwa. Ataambiwa "hukulipia". Kwa njia hiyo haki iliyoandikwa ndani ya Katiba inazimwa na karani kwa kipande cha ankara.

Zaidi ya hapo, huduma hiyo anafanyiwa nani? Mwombaji hakuomba kuzibiwa. Yeye aliomba kuona. Wino unapakwa kwa ajili ya mtu mwingine: yule mgonjwa ambaye jina lake limo, ile kampuni yenye ramani yake, au dola yenyewe. Fiqhi inatufundisha kwamba ujira hulipwa na yule anayenufaika na kazi kwa mapatano yao. Huwezi kumfyekea jirani yangu shamba kisha ukaja kunidai mimi. Kulinda siri ya watu waliomo kwenye jalada ni amana ya ofisi tangu siku ilipozichukua taarifa zao, na gharama ya kutunza amana haitupwi kwa mpita njia. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba ile aya ya Suratun Nisaa inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe ilishuka kwa sababu ya funguo za Al-Kaaba, zilizorejeshwa kwa Uthman bin Talha siku ya kufunguliwa Makka. Mwenye funguo ni mtunzaji. Hajawa mmiliki wa nyumba.

Kuna atakayeniambia: Mbona Uislamu umeruhusu mwandishi kulipwa? Ni kweli. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandika madeni. Imemtaka mwandishi asikatae kuandika kama Allah alivyomfunza, na imekataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Wanazuoni waliruhusu mwandishi achukue ujira wa kazi yake. Lakini zingatia: huo ni ujira wa kuandika kile ambacho mwenye haki amekitaka kiandikwe. Tena ama kwa kadhi na wafanyakazi wake, utaratibu uliojulikana tangu zama za makhalifa ni kulipwa kutoka Baitul Mal, ili mkono wao usiwe mfukoni mwa wale wanaokuja kutafuta haki. Ofisa wa leo naye yumo kwenye orodha ya mishahara, na mshahara huo unatoka kwenye kodi ya yule yule anayeombwa alipe mara ya pili.

Na kama fedha hiyo inaombwa bila ya stakabadhi, hapo hatuna haja ya mjadala mrefu. Tunayo hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, katika Bukhari na Muslim, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hizi ni zenu na hizi nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hizo zingemfuata? "Ya soda" ya kufungulia jalada ni ndugu wa zawadi hizo.

Wenzetu walioanza mapema mambo haya ya sheria za taarifa wamekwishagombana mahakamani juu ya jambo hili hili. Jimboni Wisconsin, Marekani, gazeti la Milwaukee Journal Sentinel liliomba ripoti za polisi, na mji wa Milwaukee ukataka ulipwe muda wa watumishi wake kuziba yasiyotakiwa kuonekana. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema sheria yao haina mahali inaporuhusu kumtoza mwombaji gharama ya kuziba. California nako, chama cha wanasheria kiliomba picha za video za polisi wa mji wa Hayward kuhusu maandamano ya Berkeley ya Desemba 2014. Wakadaiwa zaidi ya dola 3,000 kwa ajili ya kukata sehemu zisizotolewa. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba gharama hiyo si ya mwombaji. Uingereza, ambako ofisi inaweza kukataa ombi linalozidi muda fulani wa kazi (kwa halmashauri ni saa 18), Mahakama Kuu ilisema mwaka 2011, katika shauri la polisi wa South Yorkshire, kwamba muda wa kuziba hauingizwi kwenye hesabu hiyo.

Kwa insafu niseme pia kwamba upepo hauvumi upande mmoja tu. Mwaka 2024 Wisconsin ilipitisha sheria mpya inayowaruhusu polisi kutoza gharama ya kuziba sehemu za sauti na video, kwa sababu ya watu waliokuwa wakizikusanya video hizo na kujipatia kipato. Asiyetafuta faida anaweza kuthibitisha hivyo na kuepuka malipo. Hapa walau wametofautisha mfanyabiashara na mwananchi. Na jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya kupata taarifa ya mwaka huo huo wa 2016, waliandika waziwazi kwamba kuwasilisha ombi hakulipiwi, na kwamba ada ya taarifa isizidi gharama halisi ya kutoa nakala na kumfikishia mwombaji. Gharama ya nakala. Hawakutaja gharama ya wino mweusi.

Sheria yetu nayo imeruhusu ada, na mimi sisemi ada ni haramu. Ninachosema ni kwamba ada ya kumpa mtu karatasi ni jambo moja na ada ya kumfichia ni jambo jingine, na mtu anapoletewa jumla moja ya shilingi 64,000 ana haki ya kuuliza imegawanyikaje.

Nimezungumza na watu walio ndani ya ofisi, na hoja zao nazo nazichukulia kwa uzito. Wanasema sisi ni wachache, kazi ni nyingi, na mtu mmoja anaweza kutuandikia barua kumi kwa mwezi. Hilo ni kweli. Wanasema pia wanaogopa. Na hofu hiyo ina msingi: sheria ya 2016 imeweka kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi mitano kwa anayetoa taarifa iliyozuiwa. Ofisa mdogo akiwa na kalamu nene mkononi na kifungo kichwani, ataziba hata tarehe. Simlaumu sana. Lakini hofu yake haimpi haki ya kunitumia mimi ankara ya hofu hiyo.

Dawa ya tatizo hili, kwa maoni yangu, iko masijala, kabla hata barua ya mwombaji haijaandikwa. Daftari la wanufaika lingepangwa hivi: jina, simu na hali ya familia kwenye karatasi moja, kiasi, tarehe, mtoaji na stakabadhi kwenye karatasi nyingine, zikiunganishwa kwa namba tu. Anayeomba kuona fedha ilivyotumika anapewa karatasi ya pili kama ilivyo, bila ya tone la wino na bila ya saa sita za mtu. Ripoti ya mkandarasi nayo, kiambatisho cha siri kikae nyuma peke yake. Huu si utaalamu mgeni kwetu: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2002, kazi yake ni kutunza nyaraka kwa utaratibu, na kituo chake kipo hapo hapo Dodoma, safari ya saa moja hivi kutoka kwetu. Ofisi iliyochanganya siri na yasiyo siri kwenye jalada moja ndiyo iliyotengeneza gharama.

Nilisema tutafika msikitini. Je, daftari letu la zaka limepangwaje? Suratul Baqara imetueleza kwamba kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo majina ya wajane na mayatima waliopewa yasibandikwe ukutani. Hiyo ni nguo ya Hazzal. Lakini jumla iliyokusanywa Ramadhani, jumla iliyotolewa, watu wangapi, na kilichobaki kiko kwa nani, hayo ni lundo la nafaka, na muumini aliyetoa ana haki ya kutia mkono ndani. Zipo kamati ambazo ukiuliza hesabu unaambiwa "hizo ni siri za msikiti", na ukirudia kuuliza unaitwa mfitini. Kamati ya namna hiyo itapata wapi mdomo wa kuisema halmashauri?

Kwa ndugu yangu muulizaji, barua yako ya pili iandike hivi. Kwanza taja ripoti unayoitaka kwa jina na mwaka wake, usiombe "taarifa zote za mradi", maana hapo unawapa sababu ya kusema kazi ni kubwa. Eleza kwamba unakubali sehemu za siri za watu binafsi zizibwe. Omba kila palipozibwa iandikwe pembeni ni kwa sababu ipi katika zile zilizotajwa na sheria, kwani pasipokuwa na sababu iliyoandikwa hutakuwa na cha kupinga. Omba mchanganuo wa malipo: nakala kiasi gani, kitu kingine kiasi gani, na kwa kanuni ipi. Omba pia kuisoma ripoti pale pale ofisini kama hawana mashine ya nakala. Ukikataliwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na usiporidhika sheria inakuruhusu kwenda mbele kwa Waziri. Yote hayo yanakwenda kwa siku zilizohesabiwa, kwa hiyo barua iwe na nakala mbili, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila ya muhuri huo hutakuwa na pa kuanzia kuhesabu zile siku 30.